Kubadili hita ya maji Nyanda za Juu Kusini: bei ya dukani ni sehemu tu ya gharama

Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inapotoa mwelekeo wa msimu wa Kipupwe, unaoanza Juni hadi Agosti, Nyanda za Juu Kusini Magharibi hutajwa miongoni mwa maeneo yenye baridi kali zaidi nchini. Mji wa Njombe upo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Katika Uwanda wa Kitulo, wilayani Makete, ambao unapita mita 2,600, asubuhi za Juni na Julai nyasi huamka zimefunikwa na barafu nyembamba. Katika maeneo hayo maji ya moto ya kuogea si anasa. Ni hitaji la kila siku la mtoto anayekwenda shule, la mama aliyejifungua na la mzee mwenye maradhi ya viungo.

Ni katika miezi hiyohiyo hita iliyochoka hujitangaza. Kazi iliyokuwa ikiimudu mwezi wa Novemba inaishinda mwezi wa Julai, na kaya hujikuta ikilazimika kununua nyingine kwa haraka. Mwananchi anayekwenda hadwea kuuliza bei hutajiwa bei ya chombo peke yake. Bei hiyo ni halali, lakini haihusishi mambo ambayo fundi atayataja akiwa amekwishaing'oa hita ya zamani ukutani. Kuna chombo chenyewe, kuna ufungaji, na kuna umeme utakaotumika kwa miaka yote ambayo hita hiyo itadumu. Fungu hili la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, na kwa kawaida ndilo kubwa kuliko yote.

Je, hita imekufa kweli?

Kabla ya kununua mpya, ni vyema kujua kilichoharibika. Hita ya tangi, yaani ile inayohifadhi maji ndani yake, ina sehemu chache zinazochoka: elementi inayopasha maji, themostati inayokata umeme maji yanapofikia joto lililowekwa, valvu ya usalama, na fimbo ya magnesiamu ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Sehemu zote hizo zinaweza kubadilishwa, na kila moja huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya hita nzima.

Hita isiyopasha kabisa mara nyingi ina elementi iliyoungua au themostati iliyokufa. Inayopasha polepole huenda imejaa ukoko, hasa pale ambapo kaya inatumia maji ya kisima yenye chumvi nyingi. Inayochuruzika kwenye maungio inahitaji fundi bomba. Hali moja tu haina tiba: maji yanapovuja kutoka kwenye mwili wa tangi lenyewe. Hapo kutu imekwishatoboa chuma, na fedha itakayotumika kuliziba itakuwa imepotea.

Fimbo ya magnesiamu inastahili kutajwa zaidi kwa sababu wananchi wengi hawaifahamu, na baadhi ya mafundi hawaigusi. Ikikaguliwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili na kubadilishwa inapokwisha, tangi hudumu kwa miaka mingi zaidi. Ikiachwa iishe, kutu huhamia kwenye tangi.

Hita ileile, Dar es Salaam na Njombe

Wauzaji wengi hupendekeza ukubwa wa hita kwa idadi ya watu waliomo nyumbani. Kigezo hicho kinatosha pwani. Nyanda za juu hakitoshi, kwa sababu kinaacha swali la msingi: maji yanaingia kwenye hita yakiwa na joto kiasi gani?

Kupasha lita moja ya maji kwa nyuzijoto moja huhitaji nishati ileile kila mahali. Uniti moja ya umeme hutosha kupandisha joto la lita 86 kwa nyuzi 10. Chukulia hita ya lita 50 iliyowekwa kwenye nyuzijoto 60. Jijini Dar es Salaam, maji yakiingia yakiwa na nyuzijoto 27, hita hiyo hutumia takriban uniti 1.9 kujaa maji ya moto. Njombe, maji yakiingia yakiwa na nyuzijoto 15, hutumia uniti 2.6. Yenye elementi ya wati 1,500 itachukua saa moja na dakika 45 kufanya kazi hiyo, badala ya saa moja na robo.

Tofauti haiishii hapo. Mtu haogi maji ya nyuzi 60. Huyachanganya na ya baridi hadi yafikie nyuzi 40 hivi. Dar es Salaam tangi hilo la lita 50, likichanganywa na maji ya bomba, hutoa takriban lita 127 za maji ya kuogea. Njombe hutoa lita 90, kwa kuwa maji ya kuchanganyia nayo ni ya baridi zaidi. Kwa lugha ya ndoo, ni ndoo sita na zaidi kidogo dhidi ya ndoo nne na nusu. Familia ya watu watano inayoogea ndoo moja kila mtu itamaliza maji ya moto kabla ya mtu wa mwisho kuoga, ingawa chombo ni kizima na muuzaji hakudanganya.

Kwa hita za papo hapo, zile zinazofungwa kwenye bomba la kuogea na kupasha maji yanapopita, tofauti ni kali zaidi. Hita ya wati 3,500, maji yakipita kwa lita tatu kwa dakika, huongeza joto kwa takriban nyuzi 17. Pwani maji hutoka yakiwa na nyuzi 44, ya moto kabisa. Njombe hutoka yakiwa na nyuzi 32, vuguvugu lisilomfaa mtu asubuhi ya Julai. Ili kupata nyuzi 40 kwa mtiririko uleule, inahitajika hita ya zaidi ya wati 5,200. Wengi waliorudisha hita hizo dukani wakidai ni mbovu walikuwa wamenunua hita nzima isiyolingana na hali ya hewa ya kwao.

Aidha, umeme unaposhuka nguvu nyakati za jioni, hita huathirika kuliko taa au televisheni. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, nguvu ya elementi hupungua kwa takriban robo. Wanaoishi mwisho wa laini wanapaswa kulizingatia hilo, na wanaoweza kupasha maji usiku wa manane au mchana, kwa kutumia hita ya tangi, watapata nafuu.

Uniti 75 na mpaka wa bei

Hapa ndipo uamuzi wa kununua hita hugusa bajeti ya kaya kwa namna ambayo haionekani dukani. Katika bei za umeme zilizoidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) na kuanza kutumika Aprili 2016, mteja mdogo wa majumbani yupo katika kundi la D1. Hulipa shilingi 100 kwa kila uniti katika uniti 75 za mwanzo za mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Mteja ambaye wastani wa matumizi yake unazidi uniti 75 kwa mwezi huhesabiwa katika kundi la T1, ambako kila uniti, kuanzia ya kwanza, ni shilingi 292. Bei zote hizo ni kabla ya kodi na tozo.

Chukulia kaya ya watu watano inayotumia taa, televisheni, pasi na jokofu dogo, jumla uniti 60 kwa mwezi. Kabla ya kodi na tozo, kaya hiyo hulipa shilingi 6,000. Sasa inafunga hita, na kila mtu anaoga mara moja kwa siku kwa ndoo ya lita 20 yenye nyuzijoto 40. Ndoo moja, kutoka nyuzi 15, hutumia takriban uniti 0.58. Ndoo tano kwa siku kwa mwezi mzima ni uniti 87. Jumla ya kaya inakuwa uniti 147.

Mwezi wa kwanza, ikiwa bado ipo D1, kaya itatumia shilingi 7,500 kwa uniti 75 za mwanzo na shilingi 25,200 kwa uniti 72 zilizobaki, jumla shilingi 32,700. Ikishahamishiwa T1, uniti zilezile 147 zitagharimu shilingi 42,924. Kutoka shilingi 6,000 hadi karibu 43,000 kwa mwezi, kabla ya kodi na tozo, ni ongezeko la mara saba, wakati umeme uliotumika haujafika hata mara mbili na nusu. Sababu ni kwamba hita imeivusha kaya mpaka wa bei, na taa na jokofu navyo vimepanda bei pamoja nayo.

Mteja ambaye tayari yupo T1 hataona mshtuko huo. Kwake, uniti 87 za kuogea ni shilingi 25,404 kwa mwezi kabla ya kodi na tozo, na atalipa kadiri anavyotumia. Hivyo kabla ya kununua, mwananchi anashauriwa kujumlisha uniti za risiti zake za LUKU kwa miezi mitatu hivi na kujua yupo upande gani wa mpaka. Hesabu hiyo haihitaji fundi wala gharama.

Katika hesabu hii hazimo uniti zinazopotea. Hita ya tangi ikiachwa imewashwa usiku na mchana hupoteza joto kupitia kuta zake hata kama hakuna anayeoga, na katika hita ya kawaida upotevu unaweza kukaribia uniti moja kwa siku. Katika chumba chenye nyuzijoto 15, hita ya nyuzi 60 hupoteza joto kwa kasi inayozidi kwa takriban asilimia 40 ile ya chumba chenye nyuzi 28. Kuiwasha saa mbili kabla ya kuoga na kuizima baadaye, au kufunga kifaa cha kuwasha na kuzima kwa saa, huondoa sehemu kubwa ya hasara hiyo.

Kuishusha themostati hadi nyuzi 45 kwa nia ya kubana matumizi, kwa upande mwingine, hakushauriwi. Maji yanayokaa kwa muda katika joto hilo yanaweza kuzalisha bakteria wanaoathiri mapafu, na ndiyo sababu nyuzi 60 hutumika kama kiwango cha kuhifadhia. Lakini maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, ya mtoto mapema zaidi. Bomba la baridi lifunguliwe kwanza, kisha la moto.

Ukuta, waya na bomba

Gharama za ufungaji hutofautiana sana kati ya nyumba na nyumba, na hapa ndipo makisio ya haraka hukosea. Hita ya wati 5,500 huvuta takriban ampea 24. Nyaya za kawaida za soketi majumbani, za milimita za mraba 2.5, hazikukusudiwa kubeba mzigo huo kwa muda mrefu, hasa pamoja na vifaa vingine. Hita hiyo inahitaji waya wake wenyewe kutoka kwenye kisanduku kikuu, wenye unene wa kutosha, breka yake, na eathi iliyopimwa na kuonekana inafanya kazi. Kwa nyumba iliyofungwa nyaya miaka mingi iliyopita, kazi hii peke yake inaweza kukaribia bei ya hita. Kuibana si busara: bafu ni mahali ambapo mtu yupo pekupeku, mwili umelowa, na hitilafu ndogo ya umeme inaweza kuua.

Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Leseni hutolewa kwa madaraja, na mwananchi ana haki ya kuomba kuiona kabla kazi haijaanza.

Kwa upande wa maji, mabomba ya plastiki ya PVC yanayotumika kwa maji ya baridi hulainika na kuachia maungio yanapopitisha maji ya moto. Bomba la moto linapaswa kuwa la PPR au la chuma. Sehemu inayopita nje au darini ifunikwe kwa kizuia joto. Katika nyumba za Makete na Njombe, mita chache za bomba tupu hutosha kupoza maji kabla hayajafika bafuni. Uzito nao usisahaulike. Hita ya lita 50 ikijaa hufikia au kuzidi kilo 60. Ukuta wa matofali ya kuchoma utaibeba kwa boliti sahihi, lakini ukuta wa matofali mabichi huhitaji kuimarishwa au hita kuwekwa juu ya kishikizo cha chuma.

Valvu ya usalama iwepo, na bomba lake la kutolea lisizibwe. Maji yanapopata joto hutanuka, na tone linaloonekana hapo wakati hita ikifanya kazi ni dalili njema. Kuna nyumba ambako tone hilo limezibwa kwa sababu linalowesha sakafu. Kuliziba ni kuligeuza tangi kuwa chombo cha shinikizo kisicho na njia ya kupumua.

Kwa nyumba zinazopata maji kutoka tangi la juu ya mnara, mnara wa mita tatu hutoa shinikizo dogo sana, na baadhi ya hita za papo hapo haziwaki kabisa katika shinikizo hilo. Mnunuzi asome kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye boksi, la sivyo atajikuta ananunua pampu ambayo hakuipanga.

Jua, na koili ya ndoo

Hita ya jua ina bei kubwa ya kuanzia, ila haivuki mpaka wa uniti 75 ikiwa imepimwa vizuri. Kaya iliyotajwa hapo juu, yenye matumizi ya uniti 60, imebakiwa na nafasi ya uniti 15 tu, hivyo jua lingepaswa kubeba zaidi ya asilimia 80 ya kazi ya kupasha maji ili kaya ibaki D1. Inawezekana, lakini si kwa mtambo mdogo kuliko mahitaji. Kwa kuwa eneo hili lipo kusini mwa ikweta na Juni jua huwa upande wa kaskazini, paneli zielekezwe kaskazini na kuinuliwa. Ikilazwa bapa juu ya bati, hupata jua kidogo katika miezi ambayo maji ya moto yanahitajika zaidi. Kwa maeneo yanayopata barafu, mitambo yenye mirija ya kioo huhimili kuliko paneli bapa zinazopitisha maji moja kwa moja, kwa sababu maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia tisa na kupasua bomba.

Kaya nyingi hutumia koili ya kutumbukiza kwenye ndoo. Kwa uniti, koili haizidiwi na hita yoyote ya umeme, kwani ndoo moja hutumia uniti 0.58 zilezile na hakuna joto linalopotea usiku kucha. Tatizo lake ni usalama. Maji yaliyomo kwenye ndoo yanaweza kuwa na umeme wakati wote koili ikiwa imechomekwa, na mtoto hajui hilo. Birika la umeme ni salama zaidi: Njombe, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi kutokana na mwinuko, mabirika manne ya lita 1.7 yanatosha ndoo moja ya kuoga. Kwa mtu mmoja au wawili, hiyo inaweza kuwa njia nafuu kuliko kufunga hita mpya.

Kuni na mkaa bado ndivyo vinavyopasha maji katika nyumba nyingi za mikoa hii. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na kwa wakazi wa maeneo ya baridi maji ya kuogea ni sehemu ya moto uleule wa jikoni.

Risiti, alama ya ubora na mpangaji

Hita iwe na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), au nyaraka zinazoonyesha kuwa imekaguliwa ilipoingizwa nchini. Risiti ya EFD itunzwe pamoja na kadi ya dhamana, na tarehe ya kufungwa iandikwe na fundi, kwa kuwa baadhi ya dhamana hukataliwa pale ambapo hita imefungwa na asiye na leseni. Bidhaa inayodhaniwa kuwa bandia iripotiwe Tume ya Ushindani (FCC), na isiyokidhi viwango iripotiwe TBS.

Kwa mpangaji, ni vyema makubaliano na mwenye nyumba yawe ya maandishi kabla hita haijanunuliwa: nani analipia chombo, nani analipia waya mpya kutoka kwenye kisanduku, na nani atabaki nacho mpangaji akihama. Pale ambapo wapangaji kadhaa wanachangia mita moja ya LUKU, hita ya mmoja inaweza kuwavusha wote mpaka wa uniti 75, hivyo wote wahusishwe katika mazungumzo hayo, au mwenye nyumba aombe mita ya pili katika ofisi ya TANESCO ya wilaya.